Naomba ushauri: chumba cha mabati, mama mwenye presha, na mwenye nyumba asiyetaka paa liguswe

Mpangaji wa Mishomoroni:
Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni mtunza bustani katika nyumba moja ya Nyali, hapa Mombasa. Kule kuna miembe na nyasi zinazomwagiliwa, na madirisha hufungwa mchana kutwa ili baridi ya mashine isitoke. Jioni hurudi Mishomoroni, ambako vyumba vimebanana ukuta kwa ukuta, paa letu ni bati tupu lisilo na dari, na dirisha la pekee linatazama ukuta wa jirani. Tangu upepo wa kaskazi ulegee mwezi huu wa Machi, usiku umekuwa sawa na mchana. Mama yangu, aliyepita miaka 70 na anayetumia dawa za presha, huroweka leso ndooni, akaikamua na kuitandaza sakafuni ili ailalie, lakini ifikapo saa nane za usiku huwa imeshakuwa vuguvugu kama maji ya chai yaliyosahauliwa. Juma lililopita aliniita kwa jina la marehemu baba, akaniuliza kama mashua zimerudi. Alipokunywa maji na kukaa barazani alirejea sawa. Nina akiba ya kuweka dari, ila mwenye nyumba amesema nikigusa paa atanipandishia kodi. Je, niweke, nihame, au nimpeleke mama Kaloleni kwa dada yake, ambako amekataa kwenda?

Muuguzi wa Likoni:
Ndugu yangu, kabla ya dari, zungumzia kule kuchanganyikiwa. Mzee anayepotewa na fahamu wakati wa joto hasubiriwi apoe mwenyewe: mwili ukiwa wa moto na maneno hayaeleweki, mloweshe kwa maji, mpepee, na mkimbizeni hospitali huku mkiendelea kumpoza. Hapa kwetu hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hutoka lakini halikauki, na mwili hukosa njia ya kujipoza. Zaidi ya hayo, wazee huchelewa kuhisi kiu, na baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo. Asiache dawa kwa uamuzi wake, bali arudi kliniki aeleze yaliyompata. Nina swali pia: mama hunywa maji kiasi gani baada ya magharibi?

Bibi wa Kuze:
Mwanangu, watu husema joto la Mombasa ni la jadi. Ni kweli, lakini wazee walijenga kwa kulijua: kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu ya boriti, ua wa kupitisha upepo, na makuti kwa asiyekuwa na uwezo wa mawe. Bati limekuja kwa sababu makuti huoza na hushika moto, silaumu, ila limewekwa bila kitu cha kulizuia jua, na anayelipa ni anayelala chini yake.

Fundi wa Kongowea:
Dari litasaidia iwapo utaacha matundu ya hewa juu ya ukuta, vinginevyo utafungia joto ndani. Tengeneza fremu yako ya mbao isimame juu ya nguzo, isiguse paa wala ukuta, ili siku ya kuhama uibebe. Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha sehemu kubwa ya jua na ni nafuu kuliko dari, lakini hiyo lazima mwenye nyumba aridhie.

Mkaazi wa Tudor:
Msimwendee mmoja mmoja. Wapangaji wote chini ya bati lile wajitolee kununua rangi, kisha akubali kwa maandishi kwamba kodi haitapanda. Ahmedabad, India, mji uliotunga mpango wa kukabili joto mwaka 2013, umepaka mapaa ya mitaa ya maskini rangi nyeupe, kwa hivyo hatumwombi muujiza.

Mpangaji wa Mishomoroni:
Ahsanteni. Nimemuuliza mama kuhusu maji, na jibu limeniaibisha. Baada ya magharibi hanywi kabisa, kwa sababu choo cha pamoja kiko nje gizani, na mfereji wa maji ukikauka anaona mtungi tunaonunua kwenye mkokoteni ni wa kupikia. Leo nimemnunulia ndoo yenye kifuniko ya kutumia chumbani na mtungi wake mwenyewe. Kesho tutakwenda kliniki, na Jumapili wapangaji saba tutamwendea mwenye nyumba. Fundi, nitakuandikia vipimo vya chumba.