Kambi ya kwanza ya vijana: Pugu, Mbudya au uwanja wa shule?

Kaka_wa_Mbagala: Wakuu, salaam. Nina vijana 18 wa mtaani, miaka 12 hadi 15. Wengi hawajawahi kulala nje. Likizo ya Juni nataka siku 3: kupiga hema, kuwasha moto, maji salama, huduma ya kwanza. Nasita kati ya msitu wa Pugu na kisiwa cha Mbudya, karibu na Dar es Salaam. Jirani ananishauri tusitoke, tulale uwanja wa shule.

MamaKunduchi: Mbudya napapenda, mdogo wangu, ila si kwa mara ya kwanza. Kisiwa hakina maji yasiyo na chumvi. Watu 22 pamoja na walezi, lita 4 kila mmoja kwa siku, kwa siku 3 ni madumu 14 ya lita 20 ya kupandisha botini. Juni kusi linavuma, na usiniambie wote 18 wanajua kuogelea. Tena ile ni hifadhi ya bahari, hukati kuni. Wapeleke baadaye wakajifunze maji kupwa na kujaa.

SkautiMzee: Pugu, bila kusita. Daladala hadi Gongo la Mboto, unaunganisha ya Kisarawe. Omba kibali TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) mapema na uliza moto unaruhusiwa wapi. Baada ya masika kuni huwa na unyevu, na hapo ndipo somo lilipo: kijana apasue ukuni, atoe kiini kikavu, achonge vibanzi vyembamba kabla hajagusa kiberiti. Akiweza hilo, ameiva. Mapangoni kwenye popo msiingie.

Kuna usiku kijana wangu mmoja alitoka hemani pekupeku, bila tochi, akakaribia kukanyaga nyoka. Sijausahau. Tangu siku hiyo viatu na tochi hukaa mlangoni mwa hema. Wafundishe pia: akiumwa mtu, usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Mtulize, kiungo kisichezeshwe, hospitali. Ya wilaya ipo Kisarawe.

Binti_Temeke: Jirani yako asidharauliwe. Hema lipigwe kwanza uwanjani, gizani, mara mbili tatu. Na wasichana wawe na mlezi wa kike, wazazi watakuuliza hilo kabla ya yote.

Kaka_wa_Mbagala: Asanteni sana. Jumamosi mbili uwanjani, kisha Pugu. Dada Temeke, mlezi wa kike ninaye mmoja tu. Ungekuja?

Binti_Temeke: Nitumie tarehe.