Tupeane uzoefu: visa vya ajabu vya Shaaban Robert tulivyovikuta ukubwani

Msomaji wa Tanga: Shuleni tulimjua Shaaban Robert kwa mashairi na kwa Kusadikika, ile nchi iliyo angani ambako Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kueneza elimu ya uanasheria. Juzi nimekipata Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, nikakisoma mpaka alfajiri. Majini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, ndugu wawili waliogeuzwa manyani! Nani mwingine amekutana na upande huu wa mtunzi wetu akiwa mtu mzima?

Binti wa Mombasa: Mimi kilichonikamata ni Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Mfalme ana kila kitu isipokuwa mtoto, anawaita waganga wa kila namna. Nilikisoma wakati mimi na mume wangu tunahangaikia jambo hilohilo, na sikuweza kukiweka chini.

Mpenda Tenzi: Tuseme kweli, kisa cha Adili kimechotwa katika Alfu Lela u Lela. Sifa zote hizi ni za nini?

Mwalimu Mstaafu: Asili yake ni hiyo, ndugu yangu, lakini kule ndugu wanageuzwa mbwa na kuchapwa, na ndugu wale mwishowe wanamuua mwenzao. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akakipeleka kisa kwenye msamaha. Hapo ndipo ilipo kazi yake.

Mpenda Tenzi: Shikamoo, mwalimu. Bado nasema Kusadikika kinakizidi.

Mkulima wa Lushoto: Naomba niseme langu. Baba alipofariki, kaka zangu wawili waliuza shamba la chai kabla ya arobaini, nami nikaambiwa mbele ya wazee kwamba sikuwa na fungu kwa kuwa niliondoka nyumbani mapema. Mama alikuwa amekaa mkekani akisikia yote, hakusema neno. Miaka ikapita bila salamu. Halafu binti yangu akaleta Adili na Nduguze kutoka maktaba, akaniomba nimsomee kila usiku. Tulipofika pale Adili anapotoswa baharini na nduguze, Hasidi na Mwivu, sauti ilinikatika, mtoto akachukua kitabu akaendelea yeye. Tukafika kwa Huria, yule jini anayemwamuru Adili awachape manyani kila usiku, naye anawachapa huku moyo ukimuuma. Nilielewa kwamba kwa miaka yote ile nami nilikuwa nikishika kiboko usiku, kichwani mwangu, na aliyeumia zaidi ni mimi. Sijawapigia kaka zangu simu, lakini nafikiria.

Binti wa Mombasa: Pole sana, kaka. Wapigie leo.

Mtoto wa Mjini: Asikimbilie simu! Adili alisamehe akiwa liwali mwenye nguvu. Wewe nenda kwanza baraza la ardhi, upate haki yako, msamaha utafuata.

Mwalimu Mstaafu: Usimshauri hivyo, mwanangu. Mama yake je?

Mkulima wa Lushoto: Mama yu hai, mwalimu, anaishi kwa kaka mkubwa.

Mwalimu Mstaafu: Basi mpelekee mama kitabu, msomee huko huko.

Mpenda Tenzi: Mwalimu amenishinda. Mwenye nakala ya Kufikirika aniazime, nitairudisha.