Hatua za ukuaji wa wadudu magamba kwenye miembe

Swali: Wakulima wenzangu, majani ya miembe yangu hapa Tabora yana magamba meupe, mengine ya mviringo, mengine membamba yaliyorundikana. Je, ni mdudu mmoja?

Jibu la 1: Ndiyo, ndugu. La mviringo ni la jike. Membamba yenye matuta matatu ni ya madume machanga. Inua la jike kwa ncha ya sindano, utaona mayai mekundu.

Jibu la 2: Mtoto anayeanguliwa ana miguu sita, naye hutembea akitafuta pa kufyonza, akishatulia na kujivua ngozi, miguu hupotea. Jike hubaki hapohapo maisha yake yote, ilhali dume hupitia hatua ya pupa (kipindi cha kubadilika kuwa mdudu kamili), kisha hutoka na mabawa mawili.

Muulizaji: Ahsanteni. Dawa ipigwe lini?

Jibu la 2: Watoto wanapotembea, kwani bado hawajajifunika gamba.