Popo wadogo wa migombani: huonekana wapi, na saa ngapi?

Mwalimu_Vihiga
Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha shule ya msingi upande wa Luanda, kaunti ya Vihiga, na ninasimamia klabu ya mazingira. Watoto wamenishinda kwa maswali ya popo. Sisemi wale wakubwa wa matunda wanaojazana kwenye miti mirefu na kupiga kelele, hao kila mtu anawajua. Nataka wale wadogo kabisa ambao mzee mmoja jirani anasema hulala ndani ya jani la mgomba. Nimepekua migomba yangu na sijaona kitu. Je, mzee ananitania? Na kama wapo, niwatafute wapi huku magharibi, saa ngapi, na je, ni salama kwa watoto?

Migomba_Kisii
Mzee hajakutania, mwalimu. Yule ni popo wa migombani, aliyeelezwa na Wilhelm Peters mwaka 1852 kutoka Inhambane, Msumbiji, naye yuko sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Uzito wake ni gramu 3 au 4 tu.

Nadhani unatafuta pasipo. Jani lililokwisha kufunguka halina kitu. Tazama lile changa la katikati, limesimama wima, bado limejiviringa, lakini mdomo wake wa juu umeanza kuachana. Humo ndimo anamoingia. Ukuta wa jani huwa laini mno, ila yeye ana vijinyama vya kunatia kwenye vidole gumba na nyayoni, kwa hivyo hatelezi. Tatizo ni kwamba jani hilo hufunguka baada ya siku chache, na mpangaji huhama. Jana alikuwa kwako, leo yuko kwa jirani. Ndiyo maana mwenye migomba mitatu nyuma ya jikoni atachoka bure. Nenda penye shamba kubwa lenye miche ya rika mbalimbali, jani jipya lisikosekane.

Bonde_la_Nzoia
Mbona mnahangaika na migomba? Wapelekeni Mlima Elgon, pango la Kitum. Popo huko ni wengi kupindukia, na watoto wataona pia mahali ndovu wanapochimba chumvi.

Dada_wa_Maabara
Hapana, ndugu, wanafunzi wasiingizwe Kitum. Kwanza wanaojulikana sana pale ni popo wa matunda, si hawa anaowaulizia mwalimu. Pili, mwaka 1980 na tena 1987 watu waliokuwa wamezuru pango hilo walipatwa na homa ya Marburg wakafa, na popo wa matunda wa mapangoni ndio wanaobeba virusi hivyo.

Kuhusu wale wa migomba: kutazama tu hakuna neno. Kushika ndiko kubaya, maana popo wanaweza kuwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mtoto asikate jani, asilitikise, asiokote popo aliyeanguka. Akiumwa au kukwaruzwa, oshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda hakionekani.

Paa_la_Mabati
Mwalimu, jihadhari usiwachanganye na wale wa darini. Wanaonuka chini ya mabati ni aina nyingine, wana mkia uliochomoza nje ya ngozi iliyo kati ya miguu. Hao hutoka wakipaa juu, kasi, moja kwa moja. Wa migombani huruka chini chini, akipepesuka na kukata kona kati ya miti. Ukiwa na kifaa cha kunasa sauti za popo, huyu mdogo huita juu sana, karibu kilohezi 70, ambazo sikio la mtu halipati.

Mwalimu_Vihiga
Asanteni sana, Kitum nimeifuta. Sasa saa? Na kuna majira yaliyo bora?

Migomba_Kisii
Jioni. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu, likichelewa kidogo tu. Fikeni mapema, msimame kando mkiwa mmetazama midomo ya majani yaliyosimama dhidi ya anga. Wanaanza kutoka giza likiingia. Tochi zizimwe. Mvua ikinyesha ahirisheni, lakini jioni kavu baada ya mvua ni nzuri mno kwa sababu wadudu ni wengi. Mimi napendelea Aprili kuliko Januari.

Dunga_Jioni
Mkija Kisumu, tazameni pia ufukweni siku za mwezi mwandamo. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hutoka kwa wingi wakati huo, na popo wadogo nawaona wakizunguka kwenye taa. Ni wa aina gani siwezi kuapa.

Kijana_wa_Nakuru
Na sisi wa Nakuru tusio na migomba mingi?

Dada_wa_Maabara
Pandeni hadi Baringo. Kwenye migunga kuna popo wa mabawa ya manjano, mkubwa kuliko huyu, lakini mchana huning'inia wazi tawini, masikio yakicheza, kwa kawaida dume na jike pamoja. Darubini inatosha, na huhitaji kungoja usiku. Mwalimu, mkiona chochote, pigeni picha kwa mbali muiweke iNaturalist, ile tovuti ya kuorodhesha viumbe vilivyoonekana, pamoja na tarehe na mahali.

Mwalimu_Vihiga
Sawa. Kuna mkulima hapa Ebusakami mwenye migomba ya kutosha; kesho naenda kumwomba ruhusa, kisha niandikie wazazi.