Naomba ushauri: kofia ya jino imechomoka mara ya pili

Habari wakuu, naombeni msaada. Gego la chini lilitibiwa mzizi, likavishwa kofia ya zirikonia (kauri ngumu). Imechomoka mara mbili. Ya kwanza ikagandishwa upya kwa saruji (gundi ya meno) ileile. Saruji yote imebaki ndani ya kofia, kwenye kisiki (sehemu ya jino iliyobaki kushika kofia) hakuna kitu. Upande wa ulimi kisiki kimebaki milimita 1 tu juu ya ufizi, wakati kofia hutaka jino lisilooza lenye kimo cha walau milimita 2 kuzunguka pande zote. Kuuma hakuumi (mshipa ulishatolewa), ila harufu ipo.

Je, kupunguza ufizi na mfupa ili kisiki kirefuke kunafaa, au mizizi inapogawanyika patabaki wazi? Na kigingi (kijiti kinachogandishwa) ndani ya mzizi kitashikilia kofia, au ndiyo kuupasua?