Naomba ushauri: saa chache Lamu kati ya safari mbili za ndege

Assalam aleikum wanakikundi, na shikamooni wakubwa wa Lamu.

Mimi ni mhudumu wa ndege. Mwezi ujao nimepangiwa safari ya kutua Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, saa nne asubuhi, kisha nisubiri hadi saa tisa alasiri, na saa nane niwe nimesharudi uwanjani. Wenzangu wengi hukaa pale kivulini wakingoja. Mimi roho yangu iko ng'ambo: mji uliowekwa kwenye urithi wa dunia tangu 2001, siwezi kuutazama kwa mbali tu.

Nia yangu ni kuvuka kwa boti, nione Ngome na uwanja wa Mkunguni, kisha nipotee kidogo vichochoroni nitazame milango ya nakshi. Lakini pia natamani sana magofu ya Takwa, msikiti wake na lile kaburi la mnara, kwa kuwa yako kisiwa kilekile cha Manda. Nimeulizia nahodha mmoja kwa simu, akasema mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko hauingiliki maji yakipwa, ila hakunipa saa. Nimetazama jedwali la maji kujaa na kupwa la Lamu, lakini sijui kulipima kwa mkondo ule.

Naomba mnisaidie mawili. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji ya Takwa huruhusu boti kuingia na kutoka kati ya saa ngapi na saa ngapi? Na nikiacha Takwa, nitoke mjini saa ngapi ili nisichelewe kazini?