Don Cornelius wa Soul Train: tumuenzi au tunamsafisha marehemu?

Mkongwe wa Magomeni: Wakuu, huu ubishi ulinishinda kijiweni, nauleta hapa. Don Cornelius, mwanzilishi na mtangazaji wa Soul Train, kile kipindi cha televisheni cha muziki na dansi cha Wamarekani weusi, alijiua Februari 2012 akiwa na miaka 75. Mimi nasema ni wa kuwekewa sanamu. Alianza 1970 kwenye kituo kidogo cha Chicago, mwaka uliofuata kipindi kiko Los Angeles na kinarushwa miji mingine, kikadumu hadi 2006. Mtu mweusi, kipindi mali yake mwenyewe, na mdhamini ni weusi wenzake wa Afro Sheen, mafuta ya nywele. Kijana mmoja akanijibu: "Mpiga mke huyo." Haya, semeni. Sisi tuliokuwa tunamtazama kila Jumamosi miaka ya 70 tunajua alichotufanyia.

Fundi Deki: Kila Jumamosi, miaka ya 70, Magomeni? Huku Bara televisheni hatukuwa nayo, ITV imeanza 1994. Mzee ulikuwa unatazama ukuta?

Mkongwe wa Magomeni: Shika adabu dogo. Nilikuwa navuka kwenda Unguja kwa mjomba.

Mtoto wa Ng'ambo: Ahsante kwa kutukumbuka. Sisi tulikuwa na televisheni ya rangi, ya kwanza Afrika nzima, wakati nyinyi huko mnagombania redio ya mbao. Lakini Soul Train kwenye TVZ, televisheni yetu ya Zanzibar? Mie nimekulia hapahapa, nakumbuka taarabu, ngoma na hotuba. Labda ilionekana kwa mjomba wako tu.

Kidampa: "Afrika nzima" tena! Sema kusini mwa Sahara, usituongezee.

Mtoto wa Ng'ambo: Kwa hiyo nyinyi mlikuwa na ngapi?

Zuhura K: Naona mmekimbilia televisheni ili msijibu swali. 2009 hakupinga shtaka la kumpiga mkewe, akala kifungo cha nje miaka mitatu. Hiyo ni mahakama ya Los Angeles, si umbea wa kijiweni.

Mkongwe wa Magomeni: Dada yangu, mambo ya ndani ya nyumba ya watu...

Zuhura K: Angekuwa binti yako, yangekuwa ya ndani?

Kidampa: Mimi hata hiyo sanamu nawapa wachezaji. Nani alikaa kumtazama Don na suti yake? Watu walingoja ile safu: wanajipanga huku na huku, wawiliwawili wanapita katikati na mbwembwe zao. Jeffrey Daniel katoka pale, na ile kutembea kinyumenyume Michael Jackson alifundishwa na yeye. Malipo yao? Boksi la kuku wa KFC. Mmiliki mweusi, sawa, ila kuku.

Bishoo Mstaafu: Bora kuku. Mimi nimecheza kwenye video ya msanii wa hapahapa mjini kuanzia asubuhi mpaka magharibi, nikapewa soda. Ya moto.

Fundi Deki: 😂😂 Mtaje!

Bishoo Mstaafu: Simtaji, bado ananidai.

Kidampa: Soda kakupa yeye halafu anakudai yeye?

Mkongwe wa Magomeni: Basi sikilizeni, nimeteleza. Haikuwa miaka ya 70. Niliiona kwenye mikanda, 1985 hivi, kwenye deki ya jirani yetu baharia. Tulijazana sebuleni mpaka madirishani. Lakini hamjui kwa nini ilinikaa. Mwaka 1969, Operesheni Vijana, ile kampeni ya vijana wa TANU ya kupiga vita mavazi ya kigeni, imepamba moto, muziki wenyewe wa soul ukapigwa marufuku Dar, eti unaharibu vijana. Kaka yangu alikamatwa njiani na suruali ya kubana. Wakatumbukiza chupa ya soda kiunoni, isipotokea chini kwenye mguu, mkasi. Haikutokea. Alirudi nyumbani kashikilia vitambaa, mama analia, baba anacheka. Sasa mtu huyo, miaka kumi na sita baadaye, amekaa mbele ya deki anaona vijana weusi wamevaa kila walichonyang'anywa yeye, na mwanamume wa sauti nzito anawakaribisha kama wageni wa heshima. Hakusema kitu. Aliomba mkanda urudishwe nyuma.

Zuhura K: Mzee shikamoo. Hapo umenigusa, kweli. Ila kaka yako alikatwa suruali tu, na yule mke aliyepigwa je?

Mtoto wa Ng'ambo: Hiyo ya chupa ilianza Unguja.

Mkongwe wa Magomeni: Marahaba Zuhura, nakuja kwako. Wewe wa Ng'ambo, kila kitu kimeanza Unguja?

Mtoto wa Ng'ambo: Si kila kitu. Chupa, ndiyo. Na televisheni.

Fundi Deki: Swali la kiufundi: chupa ya Fanta au ya Pepsi? Maana vipimo ni tofauti.

Mkongwe wa Magomeni: Fanta. Tupu.

Kidampa: Tupu tena! Kwa hiyo walikunywa kwanza?